Nambari kwenye skrini ya opereta: mwongozo kamili wa kuziweka hadi ziaminike

Opereta wa boila hana shughuli na rejista (vyumba vya kumbukumbu vya mashine) wala biti (sifuri na moja zilizomo ndani yake). Akiona 7.2 anajua mvuke unatosha, akiona 5.1 na bado inashuka, anatoka kwenda kuangalia kichomeo. Anaamua kwa tarakimu hizo mbili, na sehemu kubwa ya kazi ya kuziweka hufanyika mbali na skrini yenyewe: kwenye sensa, kwenye PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) na kwenye karatasi. Fundi anayekimbilia programu ya skrini na kuanza kuchagua fonti hujikuta siku ya kukabidhi kazi akijiuliza kwa nini chumba baridi kinasoma digrii 6535.6.

Nitafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kiwanda kidogo cha maziwa huku Industrial Area, Nairobi, chenye skrini ya inchi 7 na PLC moja. Vipimo ni vinne: presha ya mvuke, joto la maziwa kwenye pasteuraiza, joto la chumba baridi, na jumla ya lita zilizopita kwenye mita. Iwe skrini yako ni Siemens, Weintek, Delta au Schneider, majina ya menyu yatatofautiana lakini maswali ni yale yale.

Anza na karatasi

Chora jedwali, mstari mmoja kwa kila kipimo. Andika sensa inapima kuanzia wapi hadi wapi, inatoa ishara gani, kizio, anwani kwenye PLC, aina ya data, desimali, kiwango cha chini na cha juu kinachokubalika, na nani ana ruhusa ya kubadilisha. Mstari wa presha utasomeka hivi: bar 0 hadi 16, miliampia 4 hadi 20, floti (aina ya data inayobeba desimali), desimali moja, alamu juu ya 9, hakuna wa kubadilisha.

Usijaze jedwali kwa kukisia. Nenda kwenye bomba, soma kibati cha sensa. Mchoro wa stoo unaweza kusema bar 0 hadi 10 ilhali sensa ilishabadilishwa zamani na iliyopo ni ya 16. Ukitumia ile ya mchoro, presha halisi ya bar 8 itaonekana kama 5, na hiyo si tofauti ya kuchezea kwenye boila.

Hapo hapo kwenye kibati angalia kama sensa inapima presha ya geji au presha kamili. Ya geji huanza sifuri kwenye hewa ya nje. Presha kamili huanza kwenye ombwe. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya hapa ina presha ya kama bar 0.83, si 1.01 ya vitabuni. Sensa ya presha kamili ikiachwa wazi mezani na kusoma 0.83 ni nzima kabisa. Kuna mafundi ambao wakiiona hivyo huongeza 0.18 kwenye PLC ili "irudi sawa", na tangu siku hiyo kila kipimo kinakuwa na uongo wa 0.18 ndani yake. Vivyo hivyo kwa joto: ukitumbukiza sensa kwenye maji yanayotokota hapa mjini, tarajia digrii 94 au 95. Ukitaka sehemu ya kulinganishia isiyojali mwinuko, tumia barafu inayoyeyuka. Hiyo ni sifuri Nairobi na ni sifuri Mombasa.

Kutoka miliampia hadi bar

Sensa ya 4 hadi 20 ikiingia kwenye moduli ya analogi ya Siemens (kadi ya PLC inayopokea ishara ya sensa), PLC haioni bar. Inaona nambari ghafi kati ya 0 na 27648. Chapa nyingine zina mipaka yake: moduli za SLC 500 za Allen-Bradley, kwa mfano, huonyesha 3277 hadi 16384 kwa ishara hiyo hiyo. Tafuta mipaka ya moduli yako kwenye kitabu chake, kisha tumia hesabu hii:

thamani = (ghafi − ghafi ya chini) × (kipimo cha juu − kipimo cha chini) ÷ (ghafi ya juu − ghafi ya chini) + kipimo cha chini

Ghafi ya 13824 kwenye sensa yetu inatoa 13824 × 16 ÷ 27648, yaani bar 8. Kwenye PLC za Siemens za S7-1200 na S7-1500 kazi hii hufanywa na maagizo mawili, NORM_X na SCALE_X.

Swali ambalo huzua ubishi ni wapi hesabu hii ifanyike, maana skrini nyingi nazo zina sehemu ya kugeuza thamani. Msimamo wangu ni kwamba ifanyike kwenye PLC, mara moja tu. PLC ndiyo inayolinganisha presha na kikomo cha alamu, ndiyo inayoendesha kichomeo, na pengine kesho kutaongezwa kompyuta ya ofisini itakayosoma thamani hiyo hiyo. Ukigeuzia kwenye skrini, opereta anaona 8.0 huku programu ikiifahamu kama 13824, na siku sensa itakapobadilishwa mtu atasahihisha upande mmoja na kuusahau wa pili. Kugeuzia kwenye skrini nakuachia kwa hali moja tu: PLC ni ya mashine iliyokuja imefungwa na huna nenosiri lake.

Aina ya data, mahali penye matatizo mengi zaidi

Skrini hupokea biti tupu kutoka PLC. Wewe ndiye unayeiambia biti hizo zisomwe vipi, na ukikosea haitalalamika. Itaonyesha nambari tu.

Chukua chumba baridi. PLC imehifadhi digrii −18.0 kama namba kamili ya biti 16 iliyozidishwa kwa kumi, yaani −180. Ukichagua aina isiyo na alama ya kutoa, skrini itasoma 65536 toa 180, ambayo ni 65356, na ukishaweka nukta ya desimali unapata 6535.6. Dalili yake ni rahisi kuikumbuka: kipimo kiko sawa mchana kutwa, kikishuka chini ya sifuri kinaruka hadi maelfu. Dawa ni kuchagua aina yenye alama, inayobeba kuanzia −32768 hadi 32767.

Floti hukaa kwenye rejista mbili za biti 16, na kwenye Modbus (lugha ya mawasiliano kati ya vifaa vya viwandani) hakuna sheria inayosema rejista ipi itangulie. Usibahatishe. Mwombe fundi wa PLC aandike 100.0 kwenye anwani ya majaribio, kisha tazama skrini. 100.0 kwa mfumo wa heksi ni 42C80000. Ukiona 100.0, mpangilio uko sawa. Ukiona 0.0 ilhali mawasiliano yapo, rejista zimebadilishana nafasi: skrini inasoma 000042C8, ambayo kama floti ni nambari ndogo mno isiyoweza kuonekana. Ukiona 17096, umechagua namba kamili ya biti 16 na unasoma nusu tu. Ukiona 1120403456, umechagua namba kamili ya biti 32. Nambari moja, majibu manne, na kila jibu linakuonyesha pa kwenda.

Kosa jingine la Modbus ni anwani kusogea kwa moja. Rejista inayoandikwa 40001 kwenye kitabu husafiri kwenye waya kama anwani 0. Baadhi ya vifaa huhesabu kutoka 0, vingine kutoka 1. Ukikuta presha inaonekana kwenye kisanduku cha joto, anza hapo kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Na kama unaunganisha skrini ya chapa nyingine na S7-1200, bloku ya data lazima iwe na anwani za kawaida, si ile iliyoboreshwa ambayo TIA Portal (programu ya Siemens ya kupangia PLC) huiweka yenyewe, na ruhusa ya PUT/GET (ya kifaa kingine kusoma na kuandika kwenye PLC) iwashwe kwenye mipangilio ya ulinzi. Bila hayo mawili utashinda siku nzima ukilaumu kebo.

Sasa lita, ambazo zinastahili aya yake zenyewe. Watu hupenda kujumlisha lita kwenye floti kwa sababu ina desimali. Floti ya biti 32 hubeba kama tarakimu saba tu za maana. Mita inayotoa mpigo mmoja kila lita 0.1 itahesabu vizuri mwanzoni. Jumla ikipita 524,288, nafasi kati ya nambari moja na inayofuata inakuwa pana kiasi kwamba kila 0.1 unayoongeza inaingia kama 0.125, robo nzima ya ziada ambayo hakuna ng'ombe aliyeikamuliwa. Ikifika 2,097,152 inasimama. Maziwa yanapita, mita inapiga, skrini haisogei. Hesabu mipigo kwenye namba kamili ya biti 32, halafu iambie skrini iweke nukta kabla ya tarakimu ya mwisho. Namba hiyo inafika 2,147,483,647, yaani zaidi ya lita milioni 214. Biti 16 usithubutu: hata isiyo na alama hufika 65,535 kisha hurudi sifuri, na kwa mita yetu hiyo ni lita 6,553.5 tu.

Kisanduku chenyewe

Hapa ndipo unafungua programu ya skrini. Kwenye Siemens kitu unachotafuta kinaitwa I/O Field, kwenye Weintek ni Numeric, kwenye Delta ni Numeric Display. Buruta kimoja, kipe anwani na aina ya data kutoka kwenye jedwali, kisha upange tarakimu. Weintek inauliza ngapi kushoto na ngapi kulia mwa nukta; Siemens inataka mchoro wa umbo, kama s99.9, ambapo s ni nafasi ya alama ya kutoa.

Elewa vizuri nukta. Kwa namba kamili, kuweka desimali moja hakugawanyi chochote. Ni nukta iliyochorwa tu, na 725 inaonekana 72.5. Kwa floti, ni idadi ya tarakimu zitakazoonyeshwa baada ya nukta halisi. Ukiigawa thamani kwa kumi kwenye PLC na bado ukaacha nukta ya kuchora kwenye namba kamili, maziwa ya digrii 72 yatasoma 7.2.

Acha nafasi ya tarakimu moja zaidi ya unavyodhani, pamoja na alama ya kutoa. Thamani isipotoshea, skrini nyingine hujaza alama za reli (#) au nyota, na opereta hawezi kujua kama presha imepanda sana au waya umekatika.

Panga tarakimu upande wa kulia, tumia fonti ambayo tarakimu zake zina upana sawa, na ondoa sifuri za mbele. 07.2 inasomwa kwa kusitasita. Kizio kiandikwe pembeni ya kila nambari, kidogo kuliko nambari yenyewe. Mashine zinazoletwa kutoka Marekani huja na psi, na bar moja ni psi 14.5, kwa hiyo kiwanda chenye mashine za nchi mbili lazima kiamue kizio kimoja. Angalia pia mipangilio ya lugha: skrini iliyopangwa Ujerumani hutumia mkato kama nukta ya desimali, na opereta wa hapa akiona 7,250 atasoma elfu saba mia mbili hamsini.

Ukubwa usiupime ukiwa umekaa mbele ya kompyuta. Tarakimu za kimo cha milimita 12 hivi zinasomeka vizuri kutoka mita mbili. Simama pale opereta anaposimama, ukiwa na mwanga wa pale, kisha uamue.

Desimali ngapi?

Chache kuliko unavyotaka. Sensa ya bar 16 yenye usahihi wa asilimia 0.5 inaweza kukosea kwa bar 0.08 ikiwa nzima kabisa. Kuonyesha 7.243 ni kudai usichokuwa nacho. PT100 (sensa ya joto ya platinamu) ya daraja B inaruhusiwa kukosea digrii 0.3 kwenye sifuri, na kosa hilo huongezeka kwa 0.005 kila digrii. Kwenye 72 linafika kama 0.66. Desimali moja inatosha, na hiyo moja ni kwa ajili ya kuona inaelekea wapi.

Nambari inayoruka ruka

"Injinia, hii kitu haitulii, nitaandika gani kwenye kitabu?" Opereta wa zamu akikuuliza hivyo, usimwambie aandike wastani. Skrini inasoma PLC mara tano kwa sekunde, tarakimu ya mwisho inacheza kati ya 7 na 9, na jicho haliwezi kuishika. Punguza kwanza kasi ya kuonyesha: sekunde moja inatosha kwa presha, na kwa joto la chumba baridi hata sekunde mbili. Isipotosha, weka kichujio kwenye PLC kwa thamani ya kuonyeshwa peke yake. Thamani inayotumika kwa alamu na udhibiti iache bila kichujio hicho, la sivyo utachelewesha alamu ili skrini ipendeze.

Lakini mruko wenyewe unaweza kuwa ujumbe. Ukianza ghafla kwenye kipimo kilichokuwa kimetulia, kagua ngao ya kebo na jinsi ilivyopita karibu na nyaya za inveta kabla ya kuficha dalili.

Rangi

Kijivu au nyeusi kwa hali ya kawaida, rangi kwa hali isiyo ya kawaida tu. Kiwango cha ISA-101 cha mwaka 2015, kinachohusu skrini za opereta, kinafuata mwelekeo huo. Skrini yenye nambari za kijani, buluu na zambarau inafurahisha siku ya uzinduzi, halafu nyekundu ya alamu inapotea katikati ya mapambo. Kwa kuwa si kila mtu anatofautisha nyekundu na kijani, ongeza alama au fremu pembeni ya nambari iliyozidi kikomo.

Sensa inapokufa

Kata waya wa sensa ya presha kwenye moduli ya Siemens yenye ugunduzi wa waya kukatika, na thamani ghafi inageuka 32767. Ipitishe kwenye hesabu yetu: bar 18.96. Opereta anaona karibu bar 19 kwenye boila lililokuwa na 7, na ana haki ya kukimbia. Kwenye mpangilio mwingine angeona sifuri, akadhani boila limepoa. Hali mbaya kuliko zote ni mawasiliano kukatika na skrini kubaki na 7.2 ya saa moja iliyopita, imetulia tuli.

Mapendekezo ya NE 43 ya NAMUR, chama cha watumiaji wa vifaa vya udhibiti viwandani, yanasema kipimo halali kiko kati ya miliampia 3.8 na 20.5, ikishuka hadi 3.6 au kupanda hadi 21, hiyo ni hitilafu. Weka mipaka hiyo kwenye PLC, itoe biti ya "sensa mbovu", na biti hiyo ifiche nambari na kuweka vistari vitatu pamoja na maneno HITILAFU YA SENSA. Kwa mawasiliano, PLC iongeze kaunta kila sekunde. Skrini ikiona kaunta haijasogea kwa sekunde tano, nambari zote zigeuke vistari. Na hata ukifanya yote haya, valvu ya usalama, swichi ya presha na kioo cha maji vya boila vibaki vikifanya kazi bila kutegemea skrini.

Kisanduku cha kuingiza thamani

Kionekane tofauti na cha kusoma tu; fremu au mandhari nyeupe inatosha. Weka kikomo cha chini na cha juu kwenye kisanduku na tena kwenye PLC, kwa kuwa thamani inaweza kuingia kwa njia nyingine. Kwa pasteuraiza ya digrii 72 kwa sekunde 15, hakuna sababu ya opereta kuweza kuandika 62. Kikomo cha chini kiwe 72, cha juu kile ambacho mtu wa ubora amekubali kwa maandishi, na kubadilisha kuwe kwa nenosiri la supavaiza.

Thamani hizi zihifadhiwe kwenye kumbukumbu ya PLC isiyofutika, maana stima itapotea. Kwenye Weintek, sehemu ya kumbukumbu ya skrini iitwayo LW husahau skrini ikizimika na ile ya RW hukumbuka. Aliyeweka joto la pasteuraiza kwenye LW atalikuta sifuri stima ikirudi.

Neno moja kuhusu uzani: ukirudia kwenye skrini nambari ya mizani inayotumika kuuzia, skrini hiyo si mizani. Chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, biashara hufanywa kwa kifaa kilichokaguliwa na kupigwa muhuri. Andika "kwa taarifa tu" pembeni.

Kujaribu kabla ya kukabidhi

Tenga sensa, unganisha kifaa cha kutoa miliampia mahali pake, kisha pitia hatua hizi ukiwa na mtu wa kusoma skrini:

| Miliampia | Ghafi | Skrini ionyeshe |
|---|---|---|
| 4 | 0 | 0.0 |
| 8 | 6912 | 4.0 |
| 12 | 13824 | 8.0 |
| 16 | 20736 | 12.0 |
| 20 | 27648 | 16.0 |
| 3.5 | chini ya sifuri | vistari na hitilafu |
| 21.5 | juu ya 27648 | vistari na hitilafu |

Ukikosa mahali pamoja tu, safu ya ghafi itakuambia kosa liko upande gani: ghafi ikiwa sahihi na skrini si sahihi, rudi kwenye hesabu au aina ya data, ghafi ikiwa mbaya, tatizo ni moduli au waya. Kisha chomoa waya kabisa. Chomoa na kebo ya mtandao, hesabu sekunde tano. Zima swichi kuu, washa, na uangalie kama thamani zilizoingizwa zimebaki. Kwa chumba baridi, hakikisha umejaribu thamani iliyo chini ya sifuri. Kwa lita, mwombe fundi wa PLC aandike 2,147,483,640 kwenye kaunta na mtazame pamoja inavyofanya ikifika kikomo.

Andika matokeo kwenye lile jedwali la mwanzo, weka tarehe na sahihi, na ulibandike ndani ya mlango wa paneli. Nakala ya programu iache kwa meneja wa kiwanda, pamoja na manenosiri yote.